Maswali ya Wasomaji: Nani Analia Kwenye Gofu la Hospitali?

Safu hii huandikwa na muuguzi na mkunga mstaafu wa Unguja.

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la chanjo za watoto, nikapitisha sentensi moja tu kwamba karantini si jambo geni kwetu, maana kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya mji, kilikuwa karantini tangu enzi za mabibi zetu. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko chanjo zote nilizozieleza. Na wengi walioandika hawakuuliza habari za maradhi wala za wagonjwa. Waliuliza mashetani. Basi leo tuyazungumze hayo, kwa sababu kila nilipofungua barua nyingine nilizidi kuona kwamba nyuma ya kila shetani anayeulizwa yupo mgonjwa ambaye hapana anayemuuliza.

*Assalamu alaykum bibi. Sisi ni vijana wa Kikwajuni. Sikukuu ya Idd tulikwenda Changuu kwa boti, nahodha akachelewa kutufuata mpaka magharibi ikatuingilia. Tulikuwa tumekaa karibu na majengo ya zamani. Tukasikia mtu analia, sauti kama ya mwanamke anayeita. Nahodha alipokuja alituambia pale palikuwa jela na hospitali, waliokufa walikuwa wakitupwa, na wengine ndio waliozikwa kile kisiwa cha pili chenye makaburi. Mwenzetu mmoja tangu siku hiyo hapati usingizi. Je, ni kweli? Na tumfanyie nini?*

Waalaykumu salaam wanangu. Huyo asiyelala ndiye wa kwanza. Asilale peke yake siku hizi, asome dua zake za kulala kama alivyofundishwa chuoni, na simu aiweke chumba kingine, asije akakesha akitazama video za majini. Hofu ya namna hiyo hupungua kidogo kidogo kila kunapokucha. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado hali wala halali, mpelekeni hospitali akaonwe na watu wa afya ya akili, na asione haya hata kidogo. Usingizi uliopotea hutibika.

Sasa hiyo sauti. Changuu wapo tausi. Wengi wetu tunamjua tausi kwa mkia wake na hatujapata kumsikia akilia. Jua linapotua hupanda mtini kulala, na hapo hupiga ukelele mrefu unaopanda na kushuka, mara mbili, mara tatu, ambao mtu mwenye hofu hatoutofautisha na wa mama anayemwita mtoto aliyepotea. Huku mjini na mashamba tuna komba, na kilio chake ni cha mtoto mchanga hasa. Hupenda mahali penye miti mikubwa, na gofu likishaachwa miti haichelewi kuota mpaka ndani ya vyumba.

Siwaambii haya ili niwaone wajinga. Mimi ni Muislamu, majini wametajwa ndani ya Kurani na sina ruhusa ya kuwaambia kwamba hawapo. Ninachowaomba ni kwamba jini naye asisingiziwe sauti ya ndege.

Nahodha wenu amechanganya mambo ya visiwa viwili. Jela ilijengwa kweli. Sir Lloyd Mathews, Muingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, aliijenga mwaka 1893 akikusudia kuwapeleka huko wahalifu wakubwa, mbali na mji. Haikupata kufunga mfungwa. Miaka ileile tauni ilikuwa inatembea duniani: mwaka 1894 ilikuwa Hong Kong, mwaka 1896 ikaingia Bombay. Na Bombay na Unguja zilikuwa mlango na mlango. Kaskazi ikianza kuvuma Disemba, majahazi na meli za India zinashuka huku moja kwa moja, na kila chombo kimebeba watu, nguo, magunia ya mchele, na panya ndani ya magunia. Waingereza walikuwa na hofu nyingine tena, ya homa ya manjano. Ndipo jela isiyo na wafungwa ikafanywa kituo cha karantini, si cha Unguja peke yake bali cha nchi zote walizozitawala upande huu wa Afrika, na majengo yakaendelea kuongezwa miaka iliyofuata.

Kazi yake ilifuata upepo. Msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, kisiwa kilijaa. Chombo kinafika kikiwa na bendera ya manjano, daktari anapanda, wenye homa wanatengwa, na waliobaki wanashushwa kusubiri wiki moja mpaka mbili waonekane kama yatawatoka maradhi au la. Upepo ukigeuka ukawa kusi, meli za India zikapungua, kisiwa kikawa kitupu na Wazungu wakaenda huko kupumzika na kuogelea.

Hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo. Wengi wa waliotengwa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa abiria, watu wenye mzigo na barua na jamaa wanaowangojea pwani. Kutoka Changuu mji unauona, ni maili tatu na kitu. Usiku zilionekana taa za Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Fikirini mtu aliyekuwa baharini tangu Bombay au Kutch, mke wake yuko Malindi, mtoto aliyemwacha tumboni sasa anatembea, naye anakaa juu ya mawe kila jioni akiuangalia mji asioruhusiwa kuukanyaga, huku kila asubuhi akijipapasa shingo na makwapa kama pameota tezi. Mimi nimewauguza watu waliotengwa, wakati wa kipindupindu, na nakuambieni maumivu ya tumbo walivumilia. Lililowaliza ni mtu kumuona mtoto wake ng'ambo ya kamba amesimama na bakuli la uji, na haruhusiwi kumpokea kwa mkono wake.

Kwa hivyo kama mnataka kujua nani alilia Changuu, walilia wengi, na walikuwa hai.

Ama makaburi, hayo yako Chapwani, kisiwa kingine kabisa. Waliolala pale ni mabaharia wa Kiingereza. Miongoni mwao ni wa manowari Pegasus, iliyoshambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga papa hapa bandarini kwetu ikitengenezwa mitambo yake. Hawakuwa wagonjwa wa karantini. Mkienda tena, muulizeni nahodha hilo la kutupwa maiti amelisikia kwa nani, na mkimaliza mwambieni haya.

*Bibi shikamoo. Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe. Kuna watu wa biashara wameniomba niwatengenezee ziara ya usiku ya majumba yenye mashetani. Wanataka ile Dispensari ya Zamani ya Mizingani, vile vyumba vya chini vya Mkunazini, na magofu mengine ya hospitali. Malipo ni mazuri. Mama yangu amenikataza lakini hakunipa sababu. Wewe unasemaje?*

Marahaba mwanangu. Mama yako hakukupa sababu, nitakupa mimi, ingawa sikukatazi kazi ya usiku. Usiku wa Mji Mkongwe ni mzuri na wageni wana haki ya kuuona. Ninachokataa ni bidhaa uliyotakiwa uiuze.

Anza na Dispensari. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Ismailia aliyekuwa mkuu wa forodha na mtu wa karibu wa Sultani, aliweka msingi wa jengo lile mwaka 1887, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria, akitaka liwe hospitali. Akafa mwaka 1891 jengo halijakwisha, mjane wake akaendelea nalo, na likakamilika mwaka 1894. Mwaka 1900 liliuzwa, na chini ikafunguliwa dispensari huku ghorofa za juu wakikaa watu. Baada ya 1964 likaachwa likachakaa mpaka varanda zake zile za mbao, zenye nakshi na vioo vya rangi, zikawa zinaning'inia. Miaka ya 1990 wakfu wa utamaduni wa Aga Khan ulilitengeneza upya. Hadithi za shetani wa Dispensari zilinawiri katika ile miaka katikati, lilipokuwa bovu. Wapi umesikia shetani wa jengo lililopakwa chokaa, lenye mlinzi na taa mlangoni?

Na ubovu wenyewe unasema. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta na hayatoki. Boriti huoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Mchana hukauka, usiku hurudi unyevu, na kila mabadiliko hayo yana sauti yake, mlio wa kukatika, chembe za chokaa zinazomwagika, mbao inayolia bila ya kukanyagwa. Hizo sauti usizidharau. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wa Beit el Ajaib uliporomoka mchana kweupe, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Wewe unataka kuwaingiza wageni kwenye magofu usiku, na tochi za simu. Gofu likikulilia, toka.

Mkunazini ni jambo zito zaidi. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao mahali pale. Misheni ikajenga na hospitali. Vile vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa viko chini ya jengo lile la hospitali, na wapo wanahistoria waliokwishaeleza kwamba jengo ni la baada ya soko kufungwa, na kwa hivyo vyumba hivyo si vya watumwa. Mimi naona lazima tuweze kulisema hilo bila ya kuogopa kwamba tunaupunguza uchungu wa utumwa. Soko lilikuwepo. Watu waliuzwa pale, mama mbali na mtoto mbali. Ukweli huo una ushahidi wake wa kutosha na hauhitaji chumba cha kuazima. Na hospitali nayo ilikuwepo, na waliolala pale wakatibiwa, waliojifungua pale, waliofia pale, hakuna mgeni anayesimuliwa habari zao hata kwa dakika moja. Wamefunikwa na hadithi isiyo ya jengo lao.

Na jambo la mwisho, ambalo nahisi ndilo alilolihofia mama yako. Hadithi ya shetani hapa kwetu si mchezo. Mwaka 1995 wewe ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa mgongoni. Shetani waliyemwita Popobawa alianzia Pemba akavuka Unguja, watu wakawa hawalali ndani, mitaa mizima inakesha nje na moto, wanaume wamekaa duara. Katika hofu ile mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na kundi la watu hapa mjini, akidhaniwa ndiye. Mgonjwa. Mtu aliyestahili kushikwa mkono na kupelekwa kitandani. Walioua walikuwa watu wa kawaida, wengine wana watoto, na walichokuwa nacho mikononi kilikuwa fimbo na kichwani hadithi.

Fanya ziara yako ya usiku, mwanangu. Simama Mizingani nje ya Dispensari, waonyeshe upande ilipo Changuu kizani, waambie habari ya kaskazi na bendera ya manjano. Waambie kipindupindu cha 1869 na 1870, alichokiandika kitabu kizima Dakta James Christie aliyekuwa akitibu mjini humu, jinsi kilivyoshuka kutoka bara mpaka Pangani kikavuka, kikaua maelfu, na jinsi Barghash alivyokuja kuvuta maji ya mfereji kutoka Chemchem akayaleta mjini. Hayo yatawasimamisha nywele, na hutahitaji kuongeza hata moja la uongo.

*Bibi, umefanya kazi zamu za usiku maisha yako yote. Sema kweli. Hukupata kuona kitu?* (Msomaji wa Mwera)

Nimeona kimoja, na nitakueleza.

Hospitali moja ya shamba niliyowahi kuwa nayo ilikuwa na sifa ya mwanamke mweupe. Watu wa njiani walisema usiku wa manane hutoka jengo la wazazi, amevaa nguo nyeupe mpaka chini ya magoti, miguu haionekani, taa inaelea mbele yake, anavuka uwanja pole pole na kupotea upande wa wodi ya watoto. Wapo waliokataa kupita barabara ile baada ya isha. Mwendesha gari ya ng'ombe mmoja aliapa kwamba alisimama akamwangalia.

Mwanamke huyo alikuwa mimi, na wenzangu wa zamu. Sare zetu zilikuwa nyeupe. Umeme ulikatika mara kwa mara, na siku nyingi jenereta halikuwa na mafuta, kwa hivyo tulitoka na kandili, mkono mmoja umeishika chini isituzime macho, na mwanga wake ukipiga kwenye gauni huku miguu imo gizani. Tulikwenda pole pole kwa sababu uwanja ulikuwa na mashimo na mkono wa pili una trei ya sindano. Mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja nzima kwa karibu mwezi, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mwanamke mweupe alionekana kila usiku, na khabari zake zikafika mpaka Mkokotoni.

Nilicheka mara ya kwanza niliposikia. Baadaye iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Kwa sababu usiku mmoja katika hizo, niliyekuwa nikimkimbilia kwa hatua za pole pole alikuwa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Jamaa zake walikuwa wametumwa kwenda kumwita dereva wa gari ya wagonjwa, nyumba ya tatu kutoka lango. Waliiona taa, wakarudi mbio kujificha kibarazani. Dereva aliitwa alfajiri. Yule mama, Mungu amrehemu, hakuifikia hiyo alfajiri. Damu ilimtoka tangu saa saba, na nilikuwa nimemshika.

Hospitali ile ilihamishiwa jengo jipya na lile la zamani likaachwa. Naambiwa sasa kwamba ndani ya gofu pana mwanamke mwenye damu. Mimi najua jina lake, najua mtoto wake aliishi, na najua alikuwa akipenda kufuma makawa. Sitalitaja jina hapa, lina wenyewe. Lakini kila ninapomsikia mtu akimfanya kitisho cha kutishia watoto, moyo wangu hukataa.

*Bibi, mwanangu wa miaka saba aliingia gofu la zahanati ya zamani kufuata mpira. Usiku akapata homa, anaweweseka, macho anayageuza. Bibi yake mzaa baba anasema amepigwa na shetani wa mle, tumfanyie kombe. Ninaandika kwa wahka.* (Mama wa Fuoni)

Mwanangu, barua yako nilipoipata nilikupigia kwa namba uliyoiweka, na nashukuru alikuwa ameshapelekwa. Naijibu hapa kwa ajili ya wengine.

Homa yenye kuweweseka au kugeuza macho ni ya kukimbiliwa saa hiyohiyo, usiku huohuo. Malaria imepungua sana Unguja na Pemba, lakini haijatoka, na ikipanda kichwani humwua mtoto kwa muda mfupi mno. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni na jibu hupatikana hata chai haijapoa. Degedege tuliloambiwa ni la ndege wa usiku ni homa inayogonga ubongo wa mtoto. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimpe dawa ya kunywa akiwa hajitambui, na nendeni. Kombe, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji anywe, halina ugomvi na sindano. Bibi yake na akae naye njiani amsomee, lakini gari isisubiri kombe.

Na umkague miguu. Magofu yana misumari, vigae na nyoka. Kama amechomwa, sema ili apewe chanjo ya pepopunda.

*Bi mkubwa, naandika kutoka Wete. Babu yake mama alichukuliwa enzi za Waingereza akapelekwa kisiwa cha Funzi kwa ukoma. Hakurudi. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi, na mimi mwenyewe nimelijua juzi. Jirani yetu mvuvi alimwambia mama kwamba usiku ukipita karibu na kisiwa husikia mtu anaomba avushwe. Mama analia tangu siku hiyo. Anauliza kama ni yeye.*

Mwambie mama: si yeye. Roho ya Muislamu iko barzakh kwa Mola wake, haisimami ufukweni kuomba ngalawa. Mwambie kwa ulimi wako, mshike mikono, umrejeshee mara nyingi kadiri atakavyouliza.

Kisha umwambie yaliyokuwa kweli, kwa sababu naona hilo ndilo alilonyimwa. Funzi yalikuwa makazi ya wenye ukoma wa Pemba, kama hapa Unguja walivyokuwepo Walezo chini ya masista wa Kikatoliki. Waliwekwa mbali kwa sababu wakati huo hapakuwa na dawa ya kuponya na watu waliogopa kwamba ukoma unaambukiza kwa kugusana tu. Leo tunajua ni kijidudu kinachokua pole pole mno, kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya dalili, na kwamba watu wengi sana kinga ya miili yao hukishinda wenyewe. Tangu 1981 ipo dawa mseto, hutolewa bure, na mgonjwa akishaanza kuimeza muda si mrefu hawezi tena kumwambukiza mtu. Babu yenu alizaliwa mapema kuliko dawa. Hilo ndilo kosa lake lote.

Na vidole havianguki kama wanavyosema. Ukoma hula mishipa ya fahamu, mtu akawa hasikii moto wala mwiba. Anashika sufuria ya moto, anakanyaga gae, hajui, kidonda kinaingia ndani mpaka mfupa unafupika. Nilipata kumfunga vidonda mzee mmoja aliyekuwa akiuficha mkono wake chini ya shuka kila ninapokaribia. Siku moja nilimwomba aniruhusu niushike bila ya glavu, palipokuwa pazima. Akanitazama kwanza kama nimemtukana. Halafu akaniachia, akazungumza mpaka adhuhuri: alikuwa fundi wa mitumbwi, alijua kila mti wa kisiwa chake, aliwataja watoto wake mmoja mmoja na watoto hao hawakuwa wakija. Babu yenu naye alikuwa na fani yake. Tafuteni ilikuwa ipi. Muulizeni mzee mkubwa kuliko wote katika ukoo, na muulize kwa upole, maana huenda na yeye aliamrishwa anyamaze akiwa mtoto. Mkija Unguja, nendeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kumbukumbu za serikali ya Kiingereza zimehifadhiwa humo, pamoja na za idara ya afya.

Mkishalipata jina kamili, fanyeni hitma, na jina lisomwe waziwazi mbele ya watu, fulani bin fulani, wasikie majirani na yule mvuvi naye aalikwe. Na ndani ya nyumba yenu, mtu yeyote akiona doa mwilini lisilosikia, aende kituo cha afya kabla ya kuangalia uso wa jirani.

*Bibi, ni kweli hospitali ya Chake Chake imejengwa juu ya ngome, na ndiyo maana wagonjwa wengine huota ndoto mbaya?* (Mwanafunzi, Pemba)

Nusu ya kwanza ni kweli. Ngome ya Chake ni ya zamani sana, na mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ilivunjwa ili ipatikane nafasi ya hospitali. Kilichobaki ndicho kilichofanywa makumbusho ya Pemba. Ndoto mbaya za mgonjwa zinatokana na homa, maumivu, njaa, baadhi ya dawa, na kulala mahali pasipo pake huku mtu wa kitanda cha pili anakoroma. Ukienda kumtazama mgonjwa wako, pita na makumbusho, ni hatua chache tu, kisha umsimulie uliyoyaona. Atalala vizuri zaidi kuliko ukimsimulia ngome.

Maswali ya chanjo niliyoyaweka kando nitayajibu toleo lijalo, nikianza na la yule baba wa Jang'ombe ambaye mtoto wake alikosa sindano ya surua.